Kanga, kilo tatu na risasi moja

Mwenzenu nimepewa kazi ambayo hakuna mhariri aliyewahi kunipangia. Mjomba wangu anayeishi Isongole, kule Rungwe, anataka kununua shotigani. Hataki zile za kufyatua mfululizo tunazoziona kwenye sinema. Anataka ya mtutu mmoja, inayoingia risasi moja tu, nyepesi, ya kuwindia kanga na kwale. Kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, ameamua kwamba lazima ninajua. "Mjomba, wewe si unasoma kila kitu?" kaniambia kwenye simu. "Basi nitafutie iliyo nyepesi kuliko zote."

Nimesoma, nimeuliza, na leo nawaletea nilichopata. Najua wengi wenu hamtashika bunduki maisha yenu yote. Lakini vumilieni, maana humu ndani kuna fizikia ya kidato cha pili, kuna sheria, kuna tumbili, na kuna fedha za viazi ambazo mke wa mjomba anazilinda kuliko askari wa benki.

Kwa asiyeijua Isongole, ukitoka Mbeya mjini ukapita Uyole na kushika barabara ya Tukuyu, unapanda, unapanda, baridi inaanza kuingia kwenye mifupa, kisha unaona magunia ya viazi yamepangwa kando ya lami, yamejazwa lumbesa mpaka yana vichwa. Hapo umefika. Upande mmoja kuna njia ya kwenda Ziwa Ngozi, upande mwingine Mlima Rungwe umejifunika ukungu. Ni nchi ya viazi na makoti. Kanga wengi hawako huku juu kwenye baridi. Wako chini, kwenye nyika za Chunya na Usangu, na huko ndiko mjomba alikokuwa akienda na marehemu babu wakati wa kiangazi.

Sasa, ukitafuta habari za shotigani nyepesi za risasi moja, karibu zote zinatoka Marekani na karibu zote zinazungumzia bata mzinga wa porini. Nikadhani nimepotea njia, kumbe bata mzinga na kanga wetu wana undugu wa jina. Waingereza wa zamani walimwita kanga "ndege wa Uturuki", kwa kuwa aliwafikia kupitia wafanyabiashara wa himaya hiyo. Walipomwona ndege mkubwa wa Marekani wakamchanganya na kanga, jina likahamia kwake na halikurudi tena. Hata wanasayansi wameacha alama ya mkanganyiko huo: bata mzinga ni Meleagris gallopavo, kanga ni Numida meleagris, na Meleagris ni neno la Wagiriki wa kale la kumtaja kanga. Kwa hiyo Mwafrika anayesoma ushauri wa kuwinda bata mzinga hajavamia mambo ya watu.

Tofauti ipo kwenye mwili. Dume la bata mzinga linaweza kupita kilo 8. Kanga ana kilo moja na robo hivi, kwale ni mdogo zaidi. Mmarekani anakaa chini ya mti, anamwita ndege kwa sauti ya kuiga, kisha anapiga kichwa na shingo akiwa amesimama ardhini. Hatembei sana huku akifyatua, na kwa siku nzima anaweza kupiga mara moja tu au asipige kabisa. Ndiyo maana bunduki ya risasi moja inamtosha, na ndiyo maana anapenda iwe nyepesi: anaibeba saa nyingi, anaitumia sekunde moja.

Hapo ndipo mjomba na Mmarekani wanapokutana. Ndipo pia wanapoachana.

Ukiwa na risasi ileile, nguvu inayorudi begani inategemea uzito wa bunduki. Mnamkumbuka Newton? Risasi inakwenda mbele, bunduki inakuja nyuma. Bunduki ikiwa nyepesi inakuja kwa kasi zaidi. Piga hesabu: bunduki ya kilo 2.3 inalirudishia bega nishati iliyozidi kwa karibu asilimia 40 ile ya bunduki ya kilo 3.2, kwa risasi ileile. Mjomba ana zaidi ya miaka 60, na bega lake la kulia limebeba magunia tangu ujana. Hiyo "nyepesi kuliko zote" anayoitaka ndiyo itakayomwumiza kuliko zote.

Wamarekani wametafuta namna ya kulikwepa hilo. Stevens 301, kwa mfano, ni shotigani ya risasi moja iliyotengenezwa mahsusi kwa bata mzinga, na ile yenye mtutu mwembamba kabisa ina uzito wa karibu kilo 2.3. Mtutu huo wanauita .410, yaani upana wa sehemu 0.410 ya inchi, kama milimita 10. Risasi yake ni ndogo, basi bega linapona. Lakini siri haiko kwenye bunduki, iko kwenye marisau, zile chembe zinazotoka kwa pamoja. Badala ya madini ya risasi ya kawaida wanatumia tungsteni, ambayo ni nzito mno: sentimita moja ya ujazo ina gramu 18 hivi, wakati ile ya kawaida ina gramu 11. Chembe ndogo inakuwa na uzito wa kufika mbali na kupenya. Ukiondoa tungsteni, ule mtutu mwembamba unabaki kuwa wa masafa mafupi na wa mtu mwenye shabaha kali. Na mimi sijamwona muuza risasi mkoani anayekuuliza, "Kaka, nikupe za tungsteni?"

Kwa hiyo swali la kwanza la mjomba lisiwe uzito, liwe risasi. Bunduki bila risasi ni mpini wa jembe wa bei mbaya. Shotigani zinahesabiwa kwa namba, na hesabu yake inakwenda kinyume na tulivyozoea: namba kubwa, mtutu mdogo. Namba 12 maana yake ratili moja ya madini ya risasi, gramu 454, inatoa golori 12 zenye upana wa mtutu huo, ambao ni milimita 18.5. Namba 20 inatoa golori 20, mtutu milimita 15.6. Namba 20 ni nzuri sana kwa kanga na bunduki yake huwa nyepesi kwa haki. Lakini namba 12 ndiyo ya kawaida zaidi duniani, na ndiyo ambayo mtu wa Isongole ana nafasi kubwa ya kupata risasi zake bila kusafiri mpaka Dar es Salaam.

Na tafadhali, mwenye nyumba yenye namba zote mbili asizichanganye. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwenye namba 12 inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anadhani hakuweka kitu, anaweka ya namba 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu watengenezaji huzipaka za namba 20 rangi ya njano.

Ushauri wangu kwa mjomba basi ni namba 12, mtutu mmoja, uzito wa kilo 3 au zaidi kidogo, na risasi za gramu 28 tu. Akiziona zile nzito za bata mzinga, zinazofika gramu 50 na kuendelea, azipite. Ni za ndege mara sita ya kanga. Marisau namba 5 au 6 yanatosha. Mdomo wa mtutu uwe umebanwa kidogo, kile wanachokiita choki, ili chembe zisitawanyike mapema. Ukibanwa sana, unaopiga kwa karibu unamsaga kanga mpaka mboga inakuwa marisau matupu.

Majina? Baikal IZh-18 ya Urusi ina karibu kilo 3, haina mapambo, na imetengenezwa tangu miaka ya 1960. Harrison & Richardson na New England za Marekani zilisifiwa miaka mingi, lakini utengenezaji wake ulisimama mwaka 2015, kwa hiyo atakazokutana nazo ni za mkononi. Hizo zina nyundo ya nje unayoivuta kwa dole gumba. Wenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya asubuhi wawe makini, nyundo inaweza kuponyoka kabla ya wakati. Baikal haina nyundo ya nje. Inajikoki unapoifungua, na ina kizuizi cha usalama.

Akinunua ya mkononi, aikunje aangalie mwanga ndani ya mtutu: pasiwe na kutu, wala bonde, wala uvimbe. Aifunge kisha aitikise. Ikicheza kwenye bawaba, airudishe. Asome kilichochongwa kwenye mtutu, maana bunduki za zamani nyingine zilitengenezwa kwa risasi za urefu wa milimita 65, na za siku hizi ni 70 au 76. Inaweza kuingia vizuri tu, halafu ikileta balaa wakati wa kufyatua.

Kuhusu hiyo risasi moja, nimebadilika na kuipenda. Bunduki ya kukunja, ikikunjwa kila mtu anaona kama ina kitu au haina. Watu wanatembea nayo imekunjwa mkononi, watoto nyumbani wanaiona imekunjwa, hakuna mjadala. Pia inamlazimisha mtu kuamua. Huna ya pili ya kusahihisha ya kwanza, kwa hiyo unasubiri mpaka ukione unachokipiga. Kwenye ukungu wa Rungwe hilo ni jambo kubwa.

Maana huko juu kuna kipunji. Mwaka 2003 watafiti walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za tumbili mwenye haya anayeishi kwenye msitu wa Mlima Rungwe. Sayansi haikuwa inamfahamu. Wakamtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kwa jina lilelile la wenyeji. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Na mnajua wanasayansi walipata wapi mwili wa kumchunguza? Alikufa kwenye mtego wa mkulima, shambani. Mtego hauchagui. Mwaka 2008 ilikadiriwa kwamba walikuwa wamebaki 1,117 tu. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, na hakuna leseni ya kanga inayomruhusu mtu kuingia humo na bunduki.

Hapa ndipo nilipopata shida ya kumwambia mjomba. Fizikia aliielewa haraka. Lakini nyika za Usangu alizotembea na babu, yeye akiwa kijana wa kubeba kanga waliofungwa miguu, ziliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Mipaka imekuja kurekebishwa miaka ya karibuni, lakini hawezi kurudi tu kwa kumbukumbu, akafuata kijito kilekile na kudhani yuko kwenye eneo la wazi. Kijito kipo, sheria imehama. Nilipomweleza alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Kwa hiyo nanunua bunduki ya kuwindia wapi?" akauliza.

Jibu linahitaji karatasi mbili ambazo watu wengi wanazichanganya. Kibali cha kumiliki silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kinaanzia kwa viongozi wa mtaani kwako na kupita polisi. Hicho kinakuruhusu kuwa nayo. Kuwinda ni leseni nyingine, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na leseni hiyo inataja mnyama gani, wangapi, wapi na lini. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, kanga mmoja kwenye kapu anakufanya jangili kama majangili wengine.

Mke wa mjomba alikuwa anasikiliza. Akachukua simu. "Baba, habari za kazi? Mwambie mjomba wako fedha ya viazi ndiyo ada ya watoto. Hao kanga atakula wangapi kwa mwaka?" Swali hilo sikulikuta popote nilikosoma, na ni swali zuri kuliko yote. Bunduki haina haraka ya kuzeeka. Ikikaa ndani ya kabati lenye kufuli miaka mitatu bila mahali pa kwenda, ni mtaji uliolala na ni wasiwasi wa kila siku kwenye nyumba yenye wajukuu.

Nimemwambia mjomba aanzie mwisho: aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya Tukuyu, aulize eneo lililo wazi kwa leseni ya kanga, na msimu wake. Akipata jibu linaloeleweka, ndipo aende polisi, halafu dukani, akaombe namba 12 ya kilo 3. Asipopata, fedha ziende shule. Amesema atapita ofisini siku atakayopeleka viazi. Kwa sauti yake najua bado anaitaka ile nyepesi kuliko zote, lakini angalau sasa anajua bega litakalolipa.