Ngoma za Kusadikika

Shaaban Robert, katika kitabu chake cha mwaka 1951, aliiweka nchi ya Kusadikika angani. Katika mazoezi ya kufundisha hapa Zuzu, mwanachuo mmoja aliwataka watoto wa darasa la 5 waibunie nchi hiyo muziki. Mtoto mmoja, ambaye kwa Kiswahili hujibu neno moja tu, aliipa zeze, ilimba na muheme, ngoma ipigwayo na wanawake wa Kigogo. Kisha akaimba kwa Kigogo. Mwanachuo alitaka kumnyamazisha. Nilimzuia, maana kwangu somo ndiyo kwanza lilianza. Wenzake walijaribu kuutafsiri wimbo ule, wakabishania neno moja hadi kengele ikalia. Insha zao za kesho yake, ndefu kuliko zote za muhula ule, ziliandikwa kwa Kiswahili.