"Sikuwepo" peke yake haitoshi

Leo naomba tuzungumzie neno moja tu: alibi.

Ni neno la Kilatini, na maana yake ni nyepesi kabisa: "mahali pengine". Basi. Mtuhumiwa anasema, saa ile mnayosema niliiba, mimi nilikuwa mahali pengine. Mwili ni mmoja, hauwezi kuwa huku na kule kwa wakati mmoja. Kama nilikuwa kule, huku alikuwa mtu mwingine.

Tatizo ni jinsi tunavyolitumia. Mjini nimesikia mtu kachelewa kazini anaulizwa, "leo alibi yako nini?" Hapo limeshakuwa kisingizio. Halafu na sisi waandishi tunachukua maana hiyo hiyo tunaipeleka kwenye habari za mahakamani: "mshtakiwa alijitetea kwa kisingizio kwamba hakuwepo". Jamani! Kisingizio ni sababu ya uongo. Ukishaandika hivyo umeshatoa hukumu, na hakimu bado hajafungua jalada.

Kwetu ni Mwankoko, hapo Singida, si mbali na mjini. Mwaka mmoja nilikwenda wakati wa kuvuna alizeti nikakuta kesi ya mbuzi. Kijana mmoja anatuhumiwa, wazee wamekaa chini ya mti, mwenye mbuzi anasema alimwona usiku akipita na mnyama. Kijana anajibu, "Babu, mimi sikuwepo." Anaulizwa tena, "Babu, sikuwepo." Mara ya tatu hivyo hivyo. Watu wakaanza kuguna, mmoja akasema njia ya mwongo ni fupi.

Aliyemwokoa ni mama mdogo wake. Aliuliza swali moja tu: "Haya mwanangu, hapa hukuwepo. Ulikuwa wapi?"

Ndipo akasema. Alikuwa Singida mjini anapakia magunia ya vitunguu kwenye lori mpaka alfajiri. Nyapara alikuwepo, na mama ntilie aliyewauzia chai alikuwepo. Hakutaka kusema kwa sababu nyumbani aliaga anakwenda kwa rafiki, na hela ya kupakia alitaka iwe siri yake. Akatumwa mtu mjini akaulize. Nyapara akakubali, hata idadi ya magunia akaitaja. Kesi ikaishia pale pale.

Mnaona tofauti? "Sikuwepo" ni kukana tu, na kila mtuhumiwa anakana. "Nilikuwa mahali fulani, saa fulani, na fulani" ni utetezi, maana kuna mtu wa kwenda kumuuliza. Kwa hiyo mimi naona Kiswahili chake kizuri ni "utetezi wa kuwa mahali pengine". Ni mrefu, nakubali. Lakini unamkumbusha mtu kwamba anatakiwa kutaja hapo pengine.

Na kutaja mapema! Hapa watu wengi wanaumia bila kujua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kama cha 194, inasema mshtakiwa anayetaka kutumia utetezi huu atoe taarifa kwa mahakama na kwa upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Akichelewa, basi atoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Akikaa kimya mpaka zamu yake ya kujitetea, mahakama inaweza kuamua isiupe utetezi huo uzito wowote. Sababu inaeleweka, polisi nao wapate nafasi ya kwenda kumuuliza yule nyapara. Lakini mwambie hayo mkulima asiye na wakili, anayedhani siri yake ataitoa siku ya mwisho ili iwe na nguvu zaidi!

Jambo la pili tunalolikosea ni hili. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa mahali pengine. Mzigo unabaki kwa upande wa mashtaka toka mwanzo mpaka mwisho. Yeye inatosha maelezo yake yalete shaka ya maana. Kwa hiyo ile sentensi yetu ya magazetini, "alishindwa kuthibitisha kuwa hakuwepo", inambebesha mzigo ambao sheria haikumpa.

Na tukumbuke mara nyingi utetezi huu unapambana na nini. Unapambana na mtu anayesema "nilimwona". Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri maarufu la Waziri Amani, ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Alimwona kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamjua kabla? Mwenye mbuzi wa Mwankoko aliona kwa mbalamwezi. Sidhani alisema uongo. Aliona mtu, akili ikamalizia sura.

Sisi watu wa Singida tuna sababu zaidi ya kuliheshimu neno hili. Miaka ya 1940, chini ya Waingereza, mkoa wetu ulitikiswa na mauaji yaliyohusishwa na "watu simba". Wapo walioamini mchawi anaweza kumtuma simba akaue huku yeye mwenyewe yuko kwake. Fikirieni mtuhumiwa katika mazingira hayo anajitetea vipi. Akisema nilikuwa nyumbani nimelala, mke wangu shahidi, anajibiwa ndiyo, mwili ulilala, lakini wewe ulikwenda. Akishafikishwa hapo hana tena mahali pengine pa kuwa. Na kila anapotajwa mchawi kijijini mpaka leo, utetezi wa kwanza kunyang'anywa mtu ni huo.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu, siyo zile za mwanzo tu. Ni jambo jema sana. Ila maneno tutakayoingia nayo humo ndiyo yatakayowafunga watu au kuwaachia. Tukiingia na "kisingizio" na "alidai", tutakuwa tumewatafsiria wananchi sheria kwa upendeleo. Andikeni "alieleza kuwa alikuwa mahali fulani", mtaje mahali penyewe, msomaji apime.

Nyie wenzangu kwenu mnasemaje, neno gani fupi linafaa? Na ukimsikia mtu anasema "sikuwepo", kabla hujaguna muulize alikuwa wapi, halafu mpe nafasi amalize kujibu.