Msunguti, Jirani Nisiyemjua

Jumamosi moja nilivuka daraja la Nyali pamoja na mwanangu, mtoto wa miaka 6, twende Mwakirunge, Kisauni, kumsaidia mjomba wangu kufyeka kichaka. Mtoto akaona mti mfupi wenye majani ya kung'aa na matunda madogo, mengine mabichi, mengine yakianza kuiva. Akachuma manne, akaniuliza kama yaliwa. Nami nikamjibu bila kuinua macho, "Onja, utajua mwenyewe."

Mzee mmoja wa Kigiriama aliyefyeka nasi akamrukia, akampiga mkono, matunda yakaanguka. "Mwanangu karani," akaniambia, "umesoma vitabu vyote hivyo, na utsungu hukuusoma?" Utsungu ndilo jina la sumu kwa Kigiriama, ndugu wa neno letu uchungu. Mti ule ulikuwa msunguti, ambao kwao Wagiriama wa zamani walipata sumu ya mishale, wakaiuza hata kwa wawindaji wa mbali.

Tangu siku ile nimeuchunguza. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, ni magumu kama ngozi, wala hayapukutiki wakati wa kiangazi. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, na hunukia vizuri mno. Ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Ni wa ukoo mmoja na mbungo, ambao matunda yake watoto wa pwani huyapenda sana!

Mwaka 1888 Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu hiyo, ikaitwa wabaini, jina lililotoka kwa Wasomali. Huushika moyo: kiasi kidogo kabisa huongeza nguvu ya mapigo yake, kikizidi huusimamisha. Ndiyo maana madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia kutibu wagonjwa wa moyo. Tena mwaka 2011 wataalamu walieleza habari za panya mmoja wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gamba la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa amwumaye huweza kufa.

Basi panya wa msituni anaujua mti huu, nami niliyemaliza shule ya sekondari ya misheni sikuujua.

Mjomba alitaka tuung'oe. Mzee akakataa, akasema, "Ukiung'oa huu, mtoto huyu atautambuaje ule mwingine?" Akamshika mwanangu mkono, akamwonyesha jani, ua na utomvu, akamkataza kutia tunda lake kinywani. Mti tukauacha, na leo mtoto huwaonya wenziwe.

Ndugu msomaji, nyuma ya nyumba yako kuna vichaka usivyovijua majina. Waulize wazee wangali hai, na mtoto akikuuliza, inua macho kwanza.