Shajara ya Gereji: Cub Cadet 122

Jumamosi, 9 Machi 2024
Dayton, Ohio

Trekta ya Mzee jirani imeingia gereji leo mchana. Tumeisukuma wawili, yeye akishika usukani, maana betri ni ya kutupa na injini imegoma kuzunguka. Ni Cub Cadet 122, ya nguvu-farasi 12, ambayo baba yake aliinunua mpya mwaka 1966. Ilikuwa njano na nyeupe. Njano iliyobaki ni ile ya chini ya kiti, mahali ambapo jua halikufika. International Harvester walianza kuziunda hizi Louisville, Kentucky, toleo la kwanza likiwa la mwaka 1961, na gia boksi wakaitoa kwenye ukoo wa Farmall Cub, trekta halisi ya shamba. Ndiyo maana kitu kinachopita mlango wa banda kimetutoa jasho katika baridi hii.

Mzee anataka jambo moja: bustani ilimwe kabla ya katikati ya Mei, ili jalidi ya mwisho ikishapita apande nyanya na maharage. Habari ya rangi hakuigusa, nami nimefurahi. Trekta ya maonyesho na trekta ya kulima ni kazi mbili tofauti. Naipenda hiyo ya pili.

Nimeanza na kava la bati linaloelekeza upepo kwenye silinda. Panya wamejenga humo. Manyasi, sufi ya kiti na maganda ya kokwa vimeshindiliwa katikati ya mapezi ya silinda hadi bisibisi haipenyi. Injini hii, Kohler K301, haina maji. Inapozwa na feni iliyo kwenye flaiwili, basi. Mapezi yakizibwa, upande mmoja wa silinda unachemka na mwingine umepoa, silinda inapinda, na dereva hana geji ya kumwonya. Atakayenunua mashine ya namna hii, alifungue kava hilo kabla hajaweka petroli tone moja. Nimetoa takataka ndoo nzima kwa brashi ya waya na kijiti.

Plagi imetoka bila ugomvi. Nimemimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye tundu lake, nikaliziba kwa kitambaa. Kulazimisha hakuna. Ukitia bomba refu kwenye krenki ukanyonga, ringi zilizoshikana na ukuta wa silinda zinakatika, na kazi ya mafuta na subira inageuka kazi ya kuchonga silinda upya.

Jumatano, 13 Machi

Mwezi tatu Ramadhani. Jua sasa linazama karibu saa mbili kasoro, kwa hiyo nimepata nafasi kidogo tu baada ya futari.

Nimeishika flaiwili kwa mikono miwili nikaisukuma taratibu, mbele na nyuma. Kwanza kimya. Kisha ikaachia upana wa ukucha. Nikairudisha, nikaongeza mafuta, nikasukuma tena, ikaachia zaidi. Nilipotoka pistoni ilikuwa inapanda na kushuka safari nzima, ingawa kwa uzito. Nimefurahi kupita kiasi cha jambo lenyewe.

Kabureta nimeifungua mezani. Chini ya bakuli la floti kuna ganda la kijani, na harufu ya petroli iliyooza iliyogeuka vanishi. Petroli inayouzwa kwa wingi huku ina asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli huvuta maji. Ukiiacha kwenye tangi majira yote ya baridi, inakula shaba na zinki, inagandisha sindano ya floti, na kutu ya tangi inamalizia. Nimezibua vijitundu vyote kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba, bila kutumia kekee. Tundu la petroli likipanuka hata kidogo, skrubu za kurekebisha hazitaleta tena mchanganyiko ule.

Tangi nimelitia kwenye dawa ninayoiamini: maji, magadi ya kufulia, na chaja ya betri. Hasi kwenye tangi. Chanya kwenye nondo ya chuma cha kawaida iliyoning'inizwa ndani bila kugusa ukuta. Kutu inalegea yenyewe na chuma kizima kinabaki. Mlango wa gereji upo wazi, kwa sababu mapovu yale ni hidrojeni. Chuma kisichoshika kutu hakifai kabisa kuwa nondo hiyo, kwani kromiamu yake inageuka sumu ndani ya maji.

Jumamosi, 23 Machi

Mjukuu wa Mzee alikuja na simu mkononi. Kijana mwenye adabu, anampenda babu yake, na hoja zake zina uzito. Ya kwanza: kuna injini mpya, nyepesi, inayofungwa mahali pa hii kwa vibati vya kuunganishia, bei yake haiko mbali na ya gasketi na ringi ninazoagiza. Ya pili: kama tunaibakiza ya zamani, angalau tutoe pointi na kondensa za cheche tuweke kisanduku cha elektroniki, kisichohitaji kurekebishwa maisha.

Nilimwomba muda. Jioni nikampigia Mjomba, Korogwe. Ametumikia mashamba ya mkonge tangu ujana, na hadi leo akiitwa anakwenda kuwasha Massey Ferguson 135 zilizowashinda vijana. Kule ilikuwa usiku wa manane, wanangoja daku, nikamkuta macho.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Mjomba. Funga inakwendaje huko kwenye baridi?”

Nikamjibu, kisha nikamweleza habari ya trekta na hoja za kijana. Akasikiliza, kisha akauliza, “Hizo pointi zina kosa gani?”

“Hazina kosa. Zimeota ukungu tu kwa kukaa.”

“Basi zisafishe.”

Sikuwa na la kuongeza, tukahamia habari za mvua.

Lakini nataka niandike hapa kwa nini nakubaliana naye, maana kijana anastahili jibu kamili. Elektroniki ni bora kwenye gari linalokimbia barabara kuu kila siku; langu linayo, na sitaki pointi humo. Ni kweli pia kwamba pointi huchafuka mashine ikilala, na trekta hii hulala miezi mingi. Ila pointi ikiharibika inakuonyesha. Unafungua kifuniko kimoja ubavuni mwa injini, unaona imeungua, au imetengana mno, au ina ukungu wa kijivu. Unapitisha karatasi safi katikati yake, unapima kwa fila inchi 0.020, unawasha. Kisanduku cha plastiki kikifa, hakina cha kukuonyesha. Unabaki kusubiri posta, na miaka 20 ijayo huenda kisitengenezwe tena. Injini mpya nyepesi nayo ni hivyo hivyo: itafanya kazi vizuri, kisha itatupwa, na fremu ya 1966 itakuwa imekatwa ili kuipokea.

Mashine hii iliundwa na watu waliojua mwenyewe ataifungua. Boliti zinafikika. Tapeti za vali zina skrubu za kurekebishia. Kitabu chake cha mwongozo kinamwandikia mwenye trekta vipimo, badala ya kumtuma dukani. Hiyo ndiyo mali ya Mzee, kuliko hata chuma chenyewe, na sitaki kuwa fundi wa kwanza kuiondolea familia ile.

Jumamosi, 30 Machi

Vali. Siku nzima, na nimeifurahia dakika kwa dakika.

Katika K301 vali zimekaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, zinatazama juu. Silinda hedi ni kifuniko tu. Unaling'oa, na chumba cha moto chote kipo mbele yako. Aliyelifunga mwisho alipaka silikoni chini ya gasketi. Imeungua na kuacha njia nyembamba nyeusi ambamo mgandamizo ulikuwa unatoroka kuelekea vali ya ekzosi. Nimeliweka hedi juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo kinene, nikalisugua kwa mizunguko ya namba nane hadi mng'aro ukaenea sawasawa uso mzima.

Vali ya ekzosi ilikuwa imekwama kwa masizi kwenye njia yake. Mafuta, nyundo ya mbao, subira, ikatoka. Kiti chake kina vidoa, hakijapasuka. Nimepaka pesti ya kusagia, nikakishika kijiti chenye mpira wa kunyonya, nikazungusha viganja: nusu mzunguko kulia, nusu kushoto, inua, sogeza, rudia. Mwanzoni inakwaruza kwa sauti ya mchanga. Sauti ikilainika, pesti imekwisha kazi; futa, paka nyingine, tena. Unachotafuta ni pete ya kijivu kuzunguka uso wa vali, upana mmoja kote, isiyokatika. Ya ekzosi ilikataa kwa muda mrefu upande mmoja, mahali palipokuwa na kidoa kirefu kuliko vingine. Ilipokubali, nilimimina petroli juu yake nikaketi kuitazama. Haikuvuja.

Nafasi ya tapeti, injini ikiwa baridi: inteki inchi 0.008 hadi 0.010, ekzosi 0.017 hadi 0.020. Ekzosi inapewa nafasi kubwa kwa sababu inapata moto zaidi na kurefuka zaidi; ukiibana, ikishapata moto haikai kwenye kiti chake, na vali isiyokaa haipoi, inaungua. Hedi nimelirudisha na gasketi mpya, kavu. Boliti nimezikaza kwa spana ya kupimia kwa kukatisha pande, hatua kwa hatua, hadi kwenye pauni-futi 25 hadi 30.

Nilipomaliza adhana ilikuwa imekaribia, na mikono hainuki kingine ila petroli.

Jumatatu, 8 Aprili

Jua limepatwa kikamilifu hapa Dayton, mchana baada ya saa tisa, karibu dakika tatu za giza. Mzee na mjukuu walikuja uani kwangu. Nilikuwa na kioo cha kuchomelea namba 14, tukapokezana. Ndege walinyamaza. Nimeswali Swala ya Kusufu, kisha sikushika spana tena leo.

Jumamosi, 13 Aprili

Idi imepita. Nimemwita kijana aje aone, maana nilimwahidi jibu.

Pointi amezisafisha yeye mwenyewe kwa karatasi, akapima kwa fila, akarudia mpaka ikavutika kwa ukinzani unaotakiwa. Kisha tukatafuta wakati wa cheche. Kwenye flaiwili kuna alama ya S, na kuna tundu la kuchungulia. Unaunga taa ndogo kwenye waya wa pointi, unazungusha injini kwa mkono, na S ikifika kwenye alama ya tundu ndipo pointi ziachane na taa ikuambie. Alipoiona imebadilika palepale, alitabasamu, akaizungusha tena bila kuambiwa.

Trekta hii haina staata na dinamo mbalimbali. Ni chombo kimoja chenye mkanda: ukibonyeza kinazungusha injini, injini ikiwaka kinageuka kuchaji betri. Brashi za kaboni zilikuwa bado ndefu. Kabla ya kuwasha nimegusisha waya kwa nukta moja kati ya BAT na GEN kwenye regyuleta, ili jenereta ishike upande sahihi wa umeme. Wengi wanairuka hatua hii, kisha wanailaumu betri.

Ikazunguka kwa uzito, ikapiga chafya kwenye kabureta, ikanyamaza. Nikafungua skrubu kubwa ya kabureta robo mzunguko. Ikawaka. Moshi mweupe wa mafuta yale yote niliyomimina ulijaza ua hadi jirani wa pili akatokeza kichwa. Tuliiacha ipate moto, nikarekebisha skrubu mbili kwa sikio: unapunguza hadi injini inaanza kukosa, unarudisha hadi inaanza kulemewa, unakaa katikati. Silinda moja, mapigo yanahesabika. Mzee alisimama kando, mkono juu ya boneti, hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza kama tangi linavuja. Halivuji.

Jumamosi, 27 Aprili

Oili ya gia boksi imetoka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya miaka, yaliyotokana na baridi na joto kupokezana ndani ya kasha. Nimeosha, nikatia oili ya Hy-Tran painti 7, kama lita 3.3. Diski za klachi ni kavu, zimekaa kwenye shafti inayotoka injini kwenda nyuma, wazi kabisa ukiinama. Beringi ya kusukumia klachi nimebadilisha. Diski zinatosha bado.

Nje mvua tu. Mzee ana hamu. Nimechukua udongo wa bustani nikaufinya ngumini: umebaki donge, ukanata viganjani. Udongo huu ni wa mfinyanzi. Ukilimwa ukiwa hivi unageuka matofali hadi vuli. Tutangoja.

Jumamosi, 11 Mei

Udongo ulimeguka mkononi asubuhi, tukaanza.

Plau ni ya baba yake, ya kisu kimoja, na inainuliwa kwa mkono wa chuma kando ya kiti. Mfereji wa kwanza ulikuwa wa kina kidogo, kwani trekta imelala sawa. Kuanzia wa pili gurudumu la kulia linatembea ndani ya mfereji, mashine inainama, na plau inaingia ilivyokusudiwa. Gia ya kwanza, mkono wa petroli robo tatu, injini inashuka sauti ikikutana na udongo mgumu kisha inajisahihisha yenyewe. Gavana yake inafanya kazi. Mzee aliendesha. Mjukuu akaomba zamu, akapewa.

Nimekagua baada ya kazi: hedi kavu, gia boksi haivuji, mapezi safi. Yaliyobaki: usukani una mchezo mkubwa, robo mzunguko kabla magurudumu hayajatii, na nadhani ni kipini ndani ya boksi la usukani. Sili ya mbele ya krenki imeanza kutoa jasho. Tairi la kushoto nyuma lina mpasuko ubavuni na halitamaliza mwaka. Sili naagiza Jumatatu. Boksi la usukani tutalifungua na kijana baada ya mavuno, trekta ikiwa haina kazi.