Presha Kwanza, Hewa Baadaye

Ufundi niliupatia Shimanzi, Mombasa, enzi ambazo kabureta ilikuwa ndiyo elimu yote. Ukijua kusafisha jeti, kupanga tapeti na kusikiliza injini, umehitimu. Gari la ndoto zetu lilikuwa Datsun 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nalo, na mwaka 1973 likarudia likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Lilikuwa na kabureta mbili, kwa hiyo hapakuwa na fundi wa Pwani aliyeliogopa.

Ndugu yake mdogo, 280ZX, nilikutana naye Nairobi, nami nimeishi naye muda mrefu kuliko gari lolote jingine. Huyu hana kabureta. Ana injekta sita zilizopangwa kwenye reli moja, na kati ya filta na injini kuna kisanduku cha alumini kinachopima hewa. Asili ya mfumo wenyewe ni L-Jetronic ya Bosch. Nissan walianza kuufunga kwenye 280Z za modeli ya 1975, pale sheria za moshi za Marekani zilipowabana.

Fungua kile kisanduku utazame ndani. Kuna kijimlango kinachosukumwa na hewa inayovutwa na injini, na springi inayokirudisha. Juu, chini ya kifuniko cheusi cha plastiki kilichobandikwa kwa silikoni, kuna gurudumu la meno linalokaza springi hiyo, na kidole chembamba cha chuma kinachotambaa juu ya njia ya kaboni. Kidole hicho ndicho kinachoiambia kompyuta mlango umefunguka kiasi gani. Ukikaza springi, mlango hufunguka kidogo na petroli hupungua. Ukiilegeza, petroli huongezeka. Mafundi wengi wakishalijua hilo tu, huona wamepata ufunguo wa gari zima, na bisibisi haitoki mkononi.

Mimi siligusi gurudumu lile mpaka geji ya presha imenipa jibu. Kompyuta haipimi petroli inayotoka kwenye injekta. Inachofanya ni kuamua injekta ibaki wazi kwa muda gani, ikiamini kwamba presha iko sawa. Kwenye injini hii presha inayotakiwa ni paundi 36 kwa inchi ya mraba, yaani baa 2.5, mpira wa vakyumu wa reguleta ukiwa umechomolewa. Ukiurudisha injini ikinguruma polepole, sindano hushuka hadi kama paundi 30, kwa kuwa reguleta inafuata vakyumu ya manifoldi ili tofauti kati ya ndani na nje ya injekta isibadilike. Sindano isiposhuka, tazama mpira na reguleta. Ikiwa haifiki 36 hata ukibana njia ya kurudishia mafuta, tazama filta, pampu, na umeme unaoifikia pampu.

Kisha naenda kwenye hewa, na hapa kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko mashine yoyote. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Injini nzima inapaswa kuyumba na kutaka kuzima, kwa sababu hewa imeingia bila kupita kwenye kipimo. Isipojali, ujue kuna hewa ya wizi tayari inapita mahali pengine: raba ya kijiti cha oili, bomba lililopasuka chini ya mkunjo, gasketi ya manifoldi. Na kama ikitulia vizuri zaidi kuliko mwanzo, basi ilikuwa imezidiwa na petroli.

Hivyo ndivyo lilivyotulia gari la daktari mmoja wa meno, mteja wangu wa miaka mingi, siku alipolileta likitoa moshi mweusi.

"Fundi, si mwinuko tu huu? Mombasa lilikuwa halina neno."

"Mwinuko upo, daktari, lakini hauwezi kufanya yote haya."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kijimlango hakijui uzito wa hewa, kinajua tu nguvu inayokisukuma. Ukipiga hesabu, injini hupewa petroli ya ziada kama asilimia 10 hivi. Hiyo inatosha kuongeza gharama ya mafuta, lakini haitoshi kutoa moshi mweusi kama ule. Gereji ya kabla yangu ilikuwa imemfungia reguleta ya kurekebishwa na kuishusha hadi paundi 28. Kwa kuwa petroli haifuati presha sawa kwa sawa, punguzo hilo la zaidi ya paundi moja kwa kila tano lilikuwa limekata kama asilimia 12 tu ya mafuta. Moshi ulipungua Nairobi bila kwisha, na injekta zikawa zinadondosha badala ya kunyunyiza.

Kosa lilikuwa upande wa sensa ya joto la maji. Inapaswa kusoma kama omu 300 injini ikiwa na joto la nyuzi 80, na yenyewe ilisoma hivyo hivyo. Ila plagi ya waya wake ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na kompyuta ikasadiki kwamba injini ni baridi kutwa kucha, ikaongeza petroli. Nikasafisha pini, nikarudisha paundi 36. Ndipo nikatia alama gurudumu la springi na kulikaza meno machache tu, nusu ya ule mwinuko. Ningelikaza lote, gari lingenoki likipandisha kutoka Mombasa likiwa limejaa watoto na mizigo ya Desemba.

Siku hizi napima kwa sensa ya oksijeni kwenye ekzosti. Zamani haikuwezekana, kwani risasi iliyokuwemo kwenye petroli iliiua sensa mapema, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu mwishoni mwa 2005. Kabla ya hapo tulisoma plagi: nyeusi imeshiba, nyeupe ina njaa, kahawia iache. Vijana wa gereji yangu wanataka kuvitupa visanduku hivi na kufunga kompyuta mpya. Siwakatazi, ila nawaambia kompyuta mpya nayo itadai presha iliyo sawa na mabomba yasiyovuja.

Kwa mwenye gari la namna hii, nakuomba jambo moja kabla hujamlipa fundi yeyote. Badilisha mipira yote ya petroli kuanzia kwenye tangi hadi kwenye injekta, na ununue ile iliyotengenezwa kwa ajili ya injeksheni. Iliyokuja na gari imezeeka, inapita juu ya ekzosti, na ikipasuka petroli hutoka kwa nguvu ya pampu.