Noeli ya Mlimani na Noeli ya Ziwani

Ndugu msomaji, wako watu wanaodhani ya kuwa mafundisho ya dini hupatikana kanisani tu. Basi leo tufuatane katika mkoa wa Ruvuma, kutoka milima ya Wamatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, tutazame jinsi watu wanavyoiandaa Noeli nyumbani mwao. Utaona ya kuwa ufagio, chungu na sahani navyo vyaweza kutufundisha.

Ukifika Mbinga mwezi wa Desemba, utakuta mvua zimekwisha anza. Katika miteremko utayaona mashamba ya ngoro, mashimo mengi yaliyopangwa kama sega la nyuki. Maarifa haya Wamatengo waliyarithi kwa mababu. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni wala hayachukui udongo, na majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Wakati wa Noeli mahindi ndiyo kwanza yanaota, na fedha ya kahawa iliyovunwa katikati ya mwaka imekwisha kupungua mfukoni. Kumbuka neno hilo, maana tutalirudia.

Sasa ingia uani. Siku za Majilio mama na binti zake hufagia uwanja, huosha vyombo, na penye nyumba ya udongo hukandika kuta upya na kuzipaka. Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu mgeni anakuja. Nasi twajua Mgeni wa Noeli ni nani. Yeye alikosa nafasi katika nyumba ya wageni, akalazwa horini. Basi, mama anayefagia pembe zote za nyumba yake amekwisha kuwafundisha watoto maana ya kitubio. Lakini kuta nyeupe hazifai kitu, kama ndani mna kinyongo.

Kuhusu kinyongo, Wamatengo wa kale walikuwa na dawa yake. Waliiita sengu. Watu wa ukoo walikusanyika kwa mzee wao, chakula kikaletwa kutoka kila nyumba, wakala pamoja. Hapo hapo walishauriana juu ya mashamba, waliwaonya vijana, na waliamua magomvi. Siku hizi nyumba nyingi hula kila moja peke yake. Hata hivyo Noeli huwarudisha watoto kutoka Songea na Dar es Salaam, na ukoo huketi tena pamoja. Je, ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba la kahawa watawezaje kula sahani moja bila kusemezana? Ndiyo maana Bwana wetu alitufundisha kupatana na ndugu kwanza, ndipo tulete sadaka altareni. Mzee wa sengu angelielewa neno hilo mara moja.

Haya, tushuke ziwani. Barabara ya kwenda Mbamba Bay, iliyokuwa ikiwatesa wasafiri wakati wa masika, sasa ni ya lami. Inateremka na kupinda, baridi inabaki nyuma yako, na ghafula waliona ziwa limetanda mpaka Malawi. Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli, mahali alipozikwa mmisionari Mwanglikana William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuwatumikia watu wa mwambao huu kwa miaka mingi.

Hapa chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo kwa samaki. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa majini, na dagaa huufuata mwanga. Dagaa wakikauka hupanda mlimani kuuzwa, na maharage ya mlimani hushuka ziwani. Mlima haujitoshi, wala ziwa halijitoshi. Mungu ameviweka hivyo ili watu wahitajiane.

Siku ya Noeli tazama watoto wakipita njiani na sahani zilizofunikwa kitambaa. Huyu apeleka wali kwa jirani, yule kwa bibi yake. Waliofunzwa vema humwanzia mjane, na mjane naye hairudishi sahani tupu, hata kama anacho kipande kimoja tu cha samaki. Usikidharau kipande hicho. Bwana Mfufuka mwenyewe aliwaokea wanafunzi wake samaki juu ya makaa, kando ya ziwa, akawaita waje kula.

Sasa turudi kwenye lile neno la fedha. Huko Mbinga uko mkopo wa kienyeji uitwao magoma. Mkulima hupewa fedha leo, naye atalipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko. Baba anayechukua magoma ili watoto wavae nguo mpya na wageni wanywe pombe, ameuza jasho la mwaka mzima kwa furaha ya siku moja. Mwezi wa Januari ukifika, ada na madaftari yatatoka wapi? Watoto hao hao aliowavika vizuri ndio watakaolipa deni. Hiyo siyo heshima kwa Mtoto aliyezaliwa maskini.

Basi, mzazi Mkristo, popote ulipo, mlimani au ziwani, fanya Noeli kwa kadiri ya ghala yako. Fagia nyumba. Patana na ndugu yako. Pika ulicho nacho, na kabla hujaketi, mtume mtoto apeleke sahani kwa yule asiyepikiwa na mtu. Akirudi, mweleze kwa nini ulimtuma. Hilo ni somo la dini ambalo hatalisahau.