Saa Moja Kati ya Nane

Mara ya kwanza kukamua maziwa kazini, nilikuwa nimekalia ndoo chooni, katika ofisi moja hapa Voi. Mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine unakamua, goti linazuia mlango kwa sababu komeo lilishang'oka. Mtu akagonga. "Kwani umelala humo?" Nikamwambia natoka. Kikombeni kulikuwa na maziwa ya kufunika tako la kikombe tu. Nikayamwaga. Sikuwa na pa kuyaweka, na hata ningekuwa napo, ningempaje mtoto maziwa niliyoyakamulia chooni?

Mwanangu alikuwa na wiki tisa.

Niseme ukweli, mimi si mtu wa ofisi. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipogoma, na tangu hapo nakula kwa kuandika: makala za tovuti za watu, maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi kuzishika. Nalipwa kwa neno. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara kamili. Mimi nilijipa wiki mbili, kisha nikafungua laptop mtoto akiwa kifuani. Nyumbani iliwezekana. Yeye ananyonya, mimi nachapa kwa mkono mmoja.

Halafu ikaja kandarasi ya miezi mitatu, kuandika ripoti, kila siku saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ofisini kwao. Nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Nilikubali hata kabla hawajamaliza kueleza.

Mama akashuka kutoka Wundanyi kunisaidia. Alikuja na ndizi, maharagwe, unga wa wimbi, na imani kwamba hakuna tatizo la maziwa lisilotibika kwa uji. Kufikia wiki ya pili ya kazi, matiti yaliyokuwa yanalowesha blauzi yalikuwa laini kutwa nzima. Jioni mtoto anavuta, anaachia, analia, anavuta tena. "Kunywa uji," Mama anasema. Nikanywa. Nikanywa supu, nikanywa chai ya maziwa mpaka tumbo likalia kama mtungi. Jirani akasema ni jicho la mtu.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na sikumwambia yeyote. Niliona ni kitu kingine nimeshindwa kumaliza. Kwanza chuo, sasa hiki. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita maziwa ya mama pekee, na mimi hata ya tatu sijafika.

Siku ya chanjo, nesi aliniuliza swali moja. "Ukiwa kazini unakamua mara ngapi?"

"Sikamui."

"Basi maziwa hayajakukataa. Wewe ndiye unayaambia hayatakiwi."

Akanieleza taratibu. Titi likikaa limejaa, mwili unapunguza kutengeneza. Likitolewa, linatengeneza lingine. Uji unanishibisha mimi, lakini kinachoita maziwa ni mtoto kunyonya, au mkono kukamua saa zile mtoto hayupo. Usiku nisimnyime, manake usiku homoni ya maziwa huwa juu zaidi. Na nyumbani wampe kwa kikombe kidogo, kisafi, si lazima chupa.

Nilipomrudia Mama na habari hizo, alinyamaza kidogo. "Wewe nilikuwa nakwenda nawe shamba," akasema. "Nalima maharagwe, wewe uko pale kivulini. Ukilia naacha jembe. Sikuwahi kufikiri habari ya maziwa." Nikaelewa kwa nini dawa yake ilikuwa uji. Yeye kazi haikuwahi kumtenga na mtoto.

Sasa tatizo likawa joto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Voi mwezi wa pili, nyuzi 25 ni habari za alfajiri. Kwa hiyo kila asubuhi nilinunua barafu za maji kwa jirani anayewauzia watoto, nikazipanga kwenye flaski pana, chupa ikakaa katikati. Bado nilihitaji mahali.

Nilikwenda kwa msimamizi nikiwa na Sheria ya Afya ya 2017 kwenye simu. Kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na kinasema pasiwe chooni. Cha 72 kinampa mama muda wa kufanya hivyo mbali na mapumziko ya chakula, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Akasoma. Hakukasirika hata. "Hiyo ni ya wafanyakazi," akasema. "Wewe ni wa kandarasi. Si ungempa tu maziwa ya mkebe?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi mezani.

Aliyenisaidia ni dada anayepika chai na kusafisha ofisi. Alinikuta koridoni na flaski, akaangalia flaski, akaangalia kifua changu, akatoa ufunguo. "Tumia stoo yangu, mdogo wangu. Kuna kiti. Mimi wangu nilimkatiza akiwa na miezi miwili, kwa kazi hii hii."

Kwa hiyo nikakamulia kati ya maboksi ya karatasi na madumu ya sabuni, mara tatu kwa siku, dakika ishirini ishirini. Piga hesabu: saa moja kamili. Nililipa kwa kukosa chakula cha mchana na kuchelewa kutoka. Siku nne za kwanza yalikuwa matone. Wiki ya pili chupa ikafika nusu. Kuna siku moja ripoti ilinishika na Mama akampa maziwa ya mkebe. Mtoto alikunywa, akalala vizuri, na mimi nikalia, kisha nikalala pia. Asubuhi nikanunua barafu kama kawaida.

Sasa ana miezi saba, anapondewa ndizi, na bado ananyonya. Kandarasi iliisha zamani. Siku ya mwisho nilichapisha vifungu vile viwili kwa printa ya ofisi, nikampelekea dada pamoja na ufunguo wake. Alisoma polepole, midomo ikisogea.

"Hii ni ya lini?"

"2017."

Akahesabu kwa vidole. Mtoto wake alizaliwa 2019.

Hakusema kitu. Alitafuta gundi, akaibandika ile karatasi ndani ya mlango wa stoo.